Foto Ambayo Konsula Haikuiona

Bibi harusi wa kwetu hacheki. Naanza na hilo ili mtu asinikatize mbele ya safari.

Siku ng'ombe wa mahari wanapoingia uani, binti anatolewa nyumbani amefunikwa kitenge, kichwa chini, hatua ndogo ndogo kama anatafuta sindano mchangani, na machozi yanamtoka. Hakuna aliyemchapa. Analia kwa sababu anaiacha nyumba iliyomlea, na binti anayetoka kwa baba yake meno nje ni kama anawaambia majirani: kumbe humu nilikuwa nimefungwa. Machozi yale ni asante. Mtu wa kumfundisha kulia vile ni shangazi yake, na shangazi wa Ornella ni mimi.

Jina langu Léontine. Ukifika soko la Bunia usiulize Léontine, watakuzungusha. Uliza Mama Sendika, muuza maharagwe yanayotoka Gety. Jina hilo, yaani mama wa chama cha wafanyakazi, nilipewa mwaka ule tuliokaa chini barabarani, wanamama wa soko zima na mabeseni yetu, tukakataa kodi ya tatu waliyoiweka juu ya mbili za zamani. Polisi walikosa pa kukanyaga. Shule niliiacha ningali mdogo. Kifaransa nilikiokota redioni na katika magazeti ya kufungia maharagwe, maana nilikuwa nasoma kwanza ndipo nafunga, na mteja akikasirika namwambia aende kununua kwa asiyejua kusoma, atahudumiwa haraka. Kusahau sikufundishwa na mtu.

Ornella ni mtoto wa kaka yangu. Kaka alikufa, akaniachia huyo binti na mama yake, Dorcas, ambaye ni wifi yangu na rafiki yangu, mwanamke wa maneno machache, kwa hiyo mengine nasema mimi. Ornella alisoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi hapa katika mtaa wa Lumumba. Akaolewa na Josaphat, daktari wa wanyama, kijana wa upande wa Irumu. Namheshimu Josaphat kwa sababu aliendelea kutibu ng'ombe hata katika ile miaka ambayo ng'ombe aliyepona wiki hii, wiki ijayo ameibwa.

Harusi ilipopita, Josaphat akapata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea maradhi ya ng'ombe kwa miaka miwili. Nchi siitaji, haihitaji mimi niitangaze. Sheria yao inasema mtu wa masomo kama yale anaweza kumwita mke wake, naye anapewa makazi ya muda. Miaka miwili, halafu mnarudi kwenu. Hatukuomba hata siku moja zaidi. Ornella hakuwa anakimbia njaa wala hakuwa anatafuta theluji ya kupigia foto. Alikuwa anataka bwana wake.

Basi akafanya dosie, faili la maombi. Akapita njia ya Mahagi, akafika Kampala ambako konsula ya nchi ile iko, akapigwa alama za vidole, akarudi. Katika dosie walitaka cheti cha ndoa, pasipoti, karatasi ya polisi, karatasi ya daktari, na foto za harusi za kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli.

Foto nilizichagua mimi. Nilikaa na Espoir, mpiga foto wetu, mbele ya mashine yake, tukachambua kama mtu anachambua mawe kwenye maharagwe. Nilitoa zilizo nzuri peke yake. Kulikuwa na moja Ornella ameinama hadi unaona mstari wa nywele tu, uso hakuna. Nyingine machozi yanang'aa mashavuni mpaka ungeweza kujiona humo. Nyingine anashikwa mkono na mama zake wadogo kama mgonjwa. Na nyingine ilikuwa ya ng'ombe wenyewe, wamejaa uani, bwana harusi anaonekana nyuma ya pembe, nusu. Wanamama wa soko walizipitisha mkono kwa mkono wakasema mwaka huo hakuna binti aliyelia vizuri kama Ornella. Nilisikia raha hadi mgongoni.

Foto moja nilimkataza Espoir hata kuitoa kwenye karatasi. Nitaifikia.

Jibu lilichelewa, likaja kwenye telefone ya Ornella mvua za kwanza zilipoanza. Konsula ilikuwa na mashaka. Katika foto zote, waliandika, mke anaonekana mwenye huzuni na woga. Hamtazami mume hata mara moja. Hakuna dalili ya furaha. Wanajiuliza kama hakulazimishwa, au kama ndoa yenyewe ni ya karatasi tu. Wangemhoji kwa video, kwa kuwa wakati ule njia ya Mahagi ilikuwa imefungwa tena kwa sababu ya usalama. Na kama mashaka yangebaki baada ya hapo, dosie ingefungwa. Kufungwa maana yake Josaphat angekaa huko peke yake mpaka masomo yaishe, na Ornella angekaa hapa mke wa skrini.

Dorcas aliposomewa barua ile aliuliza swali moja tu: kama katika foto nyingine Ornella angekuwa anacheka, wangesema nini. Nikamwambia wangesema sawa. Akatikisa kichwa, akaenda kuangalia moto wake.

Mimi sikuweza kwenda kuangalia moto. Mimi nilikuwa moto. Na hasira yangu haikuwa ya siku ile peke yake, kwa sababu habari hii nilikuwa ninaijua. Ilishatokea katika nyumba yetu.

Enzi ya Wabelgiji, babu yangu alikuwa karani. Alijua kuandika barua nzuri kuliko mkubwa wake mzungu, na aliomba ile karatasi waliyokuwa wakiwapa weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Kuipata, kamisheni ilikuja nyumbani kwako. Ilifungua makabati. Ilitazama shuka, ilitazama choo, ilihesabu uma na vijiko. Bibi yangu alilazimika kukaa mezani na wageni wanaume, pamoja na baba mkwe wake, ale mbele yao. Alikaa. Kwa kuwa alikuwa mke mwenye adabu, aliinamisha kichwa, hakumtazama mtu usoni, akaweka uma chini polepole. Wakaandika: mke ni mwoga, bila shaka anapigwa. Babu akanyimwa. Bibi alinisimulia hayo akiwa mzee kabisa, na kilichokuwa kinamuuma si ile karatasi. Alikuwa anasema, "Waliiona heshima yangu kwa macho yao, wakaiita jina lingine."

Kwa hiyo niliposoma neno woga katika barua ya konsula, nilijua limetoka wapi. Limetembea miaka yote hiyo bila kuchoka.

Tulikwenda kwa Maître Marcellin, avoka, yaani wakili, mwenye biro yake, ofisi, kwenye bulvari, ile barabara kubwa. Ni mtu mzuri, ana subira, na shati lake halichafuki hata siku za vumbi. Nilimwambia yale yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia baba yangu alichimba dhahabu ya Mongbwalu maisha yake yote, na dhahabu ile ilipanda ndege ikaenda hukohuko kwao, na hakuna konsula iliyoiuliza kama inacheka au inalia. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole kwamba aliyoyasikia ni kweli yote, na kwamba hakuna sehemu katika dosie ya kuyaandika. Akauliza kama hakuna kabisa foto ambayo Ornella anamtazama bwana wake.

Hapo nikanyamaza. Watu wanaonijua wanasema ilikuwa ajabu kubwa.

Ilikuwepo. Ndiyo ile niliyomkataza Espoir. Mambo yalikuwa hivi: kwetu, mwishoni, bibi harusi anabeba kibuyu cha maziwa ya ng'ombe walioletwa. Akimpa bwana mkononi, amekubali. Akikiweka chini, hakuna neno tena, ng'ombe wanarudi walikotoka siku ileile, na wazee wanatafuta mahali pa kuficha nyuso. Ornella alibeba kibuyu kichwa chini, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Akakinyoosha. Josaphat akanyoosha mikono. Na saa ileile ndama mmoja mjinga akamjia Josaphat kwa nyuma, akampiga kichwa mapajani. Daktari wa ng'ombe akaruka, maziwa yakamwagikia kosti yake, suti mpya. Ornella akainua macho. Akamtazama uso kwa uso, mbele ya baba mkwe, mbele ya ng'ombe, akacheka na meno yote. Ilikuwa dakika ya kupepesa jicho. Nilimfunika kitenge mara moja. Lakini Espoir ana kidole chepesi.

Foto ile ni nzuri. Naisema sasa. Wakati ule kwangu ilikuwa aibu ya familia.

Nilijikaza. Nikasema mbele ya avoka kwamba foto ipo, na kwamba kama ndiyo njia, itolewe. Kumeza maneno yale kulikuwa kazi kuliko kukaa barabarani mbele ya polisi. Tukamwita Espoir, akaja na foto ndani ya bahasha, anaishika kama mtu aliyebeba yai. Maître Marcellin aliitazama, akatabasamu, akasema kesi imekwisha.

Ornella alikuwa amekaa kando yangu. Akachukua bahasha ile, akaitia kwenye mkoba wake wa shule, akafunga zipu.

"Foto hii haiendi," akasema. "Hii iko yangu na Josaphat."

Tulimwomba. Nilimwomba mimi, niliyeificha. Espoir naye alisema, bila kuulizwa, kwamba ndiyo foto yake bora tangu ashike mashine. Ornella alitusikiliza wote kwa adabu, macho chini, na zipu ikabaki imefungwa. Nilirudi nyumbani nikimlaumu kimoyomoyo. Nilisema: huyu mtoto nilimfundisha kuinamisha kichwa, kumbe kichwa chenyewe ni jiwe, na sijui kilitoka wapi. Dorcas alinitazama tu. Akasema kwamba katika ukoo wetu jiwe la namna hiyo halijawahi kuonekana kabisa, hasa kwa mashangazi.

Jioni Josaphat alipiga simu ya video. Ana desturi moja: kabla ya kunisalimu, anakaa chini. Huko Ulaya, peke yake chumbani, hakuna anayemwona, lakini mkwe hamsalimu shangazi akiwa amesimama, basi anatafuta kiti kwanza, nami nasubiri naona dari ya chumba. Tukamweleza habari ya foto. Akasema atakaloamua Ornella ni sawa. Tukamuuliza kama yeye hakusumbuliwa. Akasema naye aliitwa katika ofisi ya huko, wakamuuliza maswali ya kawaida, akajibu, hakuna neno. Tukalala hivyo.

Siku ya mahojiano tulifika kwenye biro ya Maître Marcellin mapema, kwa ajili ya koneksio. Ilikuwa imeombwa na kukubaliwa kwamba mkubwa mmoja wa familia awepo, kwa sharti asiseme bila kuulizwa. Sokoni walikuwa wamewekeana dau juu yangu. Mama mmoja wa samaki za chumvi aliniambia uso kwa uso kwamba ameweka dau kwamba sitavuka nusu nimefunga mdomo.

Kwenye skrini alitokea mwanamke kijana mwenye miwani, nyuma yake ramani. Alikuwa na sauti tulivu, hakututukana. Nataka hilo lijulikane, maana mtu mbaya ni rahisi kumjibu. Walizungumza Kifaransa. Mimi nayasema hapa kwa Kiswahili chetu.

Akauliza tarehe ya ndoa, majina ya mashahidi, walikutanaje. Ornella akaeleza kwamba Josaphat alikuja kutibu mbuzi ya shule, mbuzi ikafa, akarudi kesho yake kuomba msamaha, akaendelea kurudi kuomba msamaha muhula mzima. Yule Madame aliandika. Nadhani alitaka kucheka, akakumbuka kazi.

Kisha akaja kwenye foto. Akasema kwamba amezitazama sana na katika zote Ornella analia. Ornella akamweleza, bila haraka, kama anafundisha darasa la kwanza: machozi ni ya nini, nani anafundisha, na kwamba shangazi mwenyewe ni huyu hapa. Nikainamisha kichwa kidogo, kusalimu. Madame akauliza kama alikuwa na uwezo wa kukataa. Ornella akamweleza kibuyu. Akamwambia kwamba angekiweka chini, hakuna mtu duniani angekiokota kwa niaba yake.

Madame akaacha kuandika. Akauliza kama kuna foto ya saa ile ya kibuyu.

"Iko," Ornella akasema.

Madame akauliza kama anaweza kuituma.

"Hapana."

Maître Marcellin alifumba macho. Mimi nilishika kiti. Madame akauliza, kwa sauti ileile tulivu, ni kwa nini.

"Juu ya ile foto miye nacheka," Ornella akasema. "Nikikuonyesha, utaamini foto, utaacha kuniamini miye. Na miye ndiye niko naolewa, si foto. Miye niko hapa mbele yako, Madame. Uliza, nitajibu."

Nimesema maneno mengi katika maisha yangu, mengine na megafoni mkononi. Sijawahi kusema moja kama lile. Na aliyelisema ni yule niliyemlaumu kwa ajili ya zipu.

Lakini kiburi hakina muhuri. Madame aligeuza karatasi, uso wake ukawa umefungwa, na nikaona kabisa kwamba amepita, anakwenda mwisho, anamaliza kazi. Akauliza maswali mepesi, moja baada ya lingine, kama mtu anayezima taa za nyumba. Bwana anakula nini. Analala saa ngapi. Ana ndugu wangapi. Kisha: baba mkwe wako anaitwa nani?

Ornella akanyamaza.

Msomaji wa mbali anisamehe, nieleze. Mke wa kwetu hataji jina la baba mkwe. Mume hataji jina la mama mkwe. Hata lile la ubatizo. Si kwamba unakatazwa na mtu mwenye fimbo, ni kwamba mdomo wenyewe unakataa, kama vile huwezi kupita katikati ya wazee wanaokula. Unasema Baba, unasema Mama, na kila mtu anajua.

Avoka, ambaye kwao si hapa na desturi hii aliisahau, alidhani Ornella amepotewa. Akamsogezea karatasi yenye jina, kidole juu yake. Ornella hakuitazama.

"Madame, jina lake liko mbele yako ku dosie. Miye siwezi kulisema. Ni baba wa bwana wangu."

Yule Madame akamkazia macho muda mrefu. Nikajua imekwisha. Mke asiyeweza kutaja jina la baba wa mume wake, nani angemwamini. Kisha akaomba tusubiri, akaondoka kwenye skrini, ikabaki ramani. Aliporudi alikuwa na karatasi nyingine, anasoma huku anatembea, na miwani ameipandisha kichwani.

Akasema kwamba mume naye alihojiwa huko Ulaya. Waliouliza walikuwa watu wengine, si yeye. Walimuuliza mama mkwe wake anaitwa nani. Alikaa kimya. Walipomsisitiza, alisema anaomba radhi, hawezi. Wao wakaandika: hajui jina la mama mkwe wake. Hilo, akasema, ndilo lililokuwa mashaka makubwa kuliko foto.

Nilicheka. Najua nilikuwa nimeahidi, lakini kicheko si neno. Nilimwona kijana yule katika ofisi yao, kwenye baridi, mbele ya watu ambao hata angelitaja mara kumi hakuna ambaye angejua kwamba amekosa. Shangazi hayupo, wazee hawapo, Dorcas yuko Bunia anapika. Jina moja tu lingemletea mke wake. Akalibana mdomoni, akalilinda. Na hakutuambia hata. Maswali ya kawaida, alisema.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Madame akaniambia niseme.

"Mama mukwe wake anaitwa Dorcas," nikasema. "Baba mukwe wa huyu anaitwa Antoine. Miye naweza kuyasema yote mawili, miye si mukwe wa mutu hapa. Lakini hawa wawili hawatayasema, hata ukifunga dosie. Madame, mutu wa ndoa ya uongo anashika majina yote kichwani kama katekisimu. Wa uongo ndiye angekujibu mbio."

Nikaendelea, maana mlango ukifunguka unaingia.

"Bibi yangu aliinamisha kichwa mbele ya wenzenu, zamani. Wakaandika mwoga. Safari hii muandike vizuri."

Sikumuuliza kama ameelewa. Alitazama chini, kwenye zile karatasi mbili, ya mume na ya mke, akaziweka pamoja. Nikaona kwamba hata yeye anajua kuinamisha kichwa. Akamwambia Ornella asante, kwamba hana swali lingine na kwamba foto hahitaji. Skrini ikazimika.

Maître Marcellin alijifuta jasho, akasema katika miaka yote ya kazi hajaona mteja anayekataa ushahidi wake mwenyewe na shangazi anayepewa ruhusa ya kusema akaitumia kutoa amri. Nilimjibu kwamba haikuwa amri, ilikuwa ushauri. Sokoni yule mama wa samaki alidai ameshinda dau, kwa kuwa nilisema. Wengine wakasema nimesema baada ya kuruhusiwa. Nasikia kesi hiyo mpaka leo haijakatwa.

Jibu lilikuja tukiwa tunapakua magunia ya Gety. Ornella alikuja mpaka kwenye meza yangu, bado na chaki mikononi, akanipa telefone nisome mwenyewe. Nikasoma kwa sauti, Kifaransa kwanza, Kiswahili baadaye, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Pasipoti ipelekwe. Ruhusa ya makazi ya muda imetolewa, kama mke. Wanamama wakapiga vigelegele mpaka watu wa bulvari wakadhani kuna mgombea amekuja kugawa chumvi.

Siku ya kuondoka alitoka nyumbani kwa mama yake, Lumumba, kichwa chini, amejifunika kitenge, anatafuta sindano yake mchangani, na machozi yanashuka bila kupanguswa. Mara ya pili anaiacha nyumba ile, na mara ya pili aliilipa. Dereva wa teksi aliuliza nani amekufa. Nikamwambia aendeshe.

Aeropor, kabla ya mlango wa wasafiri, alifungua mkoba wake wa shule akanipa ile bahasha.

"Shangazi, weye ndiye uliificha," akasema. "Sasa itunze."

Nikamwambia huko anakokwenda wakimuuliza kitu awatazame usoni. Akasema ataona kwanza nani anauliza. Akaingia. Hakugeuka nyuma, kama inavyotakiwa.

Espoir ameitoa foto kubwa, ameitia kioo. Iko chumbani kwangu, si sebuleni. Ndama anaonekana, maziwa yako hewani, daktari wa ng'ombe mdomo wazi, na Ornella ameinua kichwa, anacheka, anamtazama yeye tu. Watu wa nyumba wanaingia wanaiona. Majirani wachache wameiona. Mama wa samaki bado anaomba.

Na konsula ikitaka kuiona, njia iko wazi. Ifanye dosie, iniletee hapa sokoni. Nitakaa nyuma ya meza yangu ya maharagwe, nitapandisha miwani kichwani, nitauliza taratibu: mama yako alilia lini mara ya mwisho, na juu ya nini. Wewe uliacha nyumba gani, na uliiagaje. Nikiridhika na majibu, nitaipa ruhusa ya kuingia kwangu.

Ya muda.